Pikipiki Ikitetemeka, Usianze na Usukani



Kila tunapofanya mkutano wa tawi hapa Juba, mimi huhesabu kwanza pikipiki zilizosimama nje, ndipo nihesabu watu waliokaa ndani. Nyingi ni za zamani. Zimepita kwa mwenye duka, zikapita kwa dereva wa boda, ndipo zikamfikia mfanyakazi aliyedunduliza mshahara wake miezi mingi. Nyingine hata si mali ya anayeiendesha; ni ya tajiri, naye huilipia hesabu kila jioni. Juu ya pikipiki hizo tunakwenda kiwandani kabla jua halijachomoza, tunawapeleka watoto zahanati, tunabeba mkaa na madumu ya maji. Kwa hiyo habari ya magurudumu yake ni habari ya kazi, na wala sioni haya kuiandika katika kurasa za chama.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nimempakia mweka hazina wetu, tunakwenda kuwaona wafanyakazi wa shamba moja upande wa barabara ya Nimule. Pikipiki yangu ni ya cc 100, na umri wake siujui vizuri. Tulivuka mto, tukapita Gumbo, tukashika lami. Katika mwendo wa 50 ilikuwa tulivu. Nilipofika 65 hivi usukani ukaanza kutikisika kulia na kushoto, kama mtu anayekataa jambo kwa kichwa. Nikapunguza mwendo, ukatulia. Nikaongeza, ukaanza tena. Mweka hazina akaniambia, "Ndugu, mimi nina watoto." Tukaenda pole pole hadi mwisho wa safari.

Niliporudi mjini nilimwendea fundi. Aliushika usukani, akautikisa mara mbili, akasema, "Mzee, gololi za usukani zimekwisha." Nikanunua gololi, nikalipa ufundi. Kesho yake ilitetemeka vile vile. Akasema basi foku imepinda. Ikafunguliwa, ikanyooshwa, nikalipa tena. Ikatetemeka vile vile. Sasa fedha ya mwezi imekwisha na ugonjwa uko palepale.

Aliyeuona ugonjwa ni kijana mmoja anayeziba pancha kando ya njia, karibu na soko la Custom. Nilisimama kwake kujaza upepo tu. Alichuchumaa, akalizungusha gurudumu la mbele kwa mkono, akasema, "Mzee, tairi lako halijakaa." Akanionyesha mstari mwembamba wa mpira unaozunguka tairi karibu na rimu. Upande mmoja mstari ulionekana wazi, upande mwingine ulikuwa umezama ndani ya rimu. Maana yake tairi lilikuwa limekaa kombo, na kila mzunguko lilikuwa linapiga barabara kama kiatu chenye kisigino kirefu upande mmoja. Alitoa upepo wote, akapaka maji ya sabuni pembeni, akajaza upepo mwingi huku akilipiga tairi kwa kiganja, hadi tukasikia pa! likakaa. Halafu akapunguza upepo ukafikia kipimo. Gharama yake haikufika sahani moja ya maharage. Mtetemeko ukaisha.

Tairi hilo nililifungisha upya wiki ile ile kabla ya safari. Kama ningejiuliza ni kitu gani kimeguswa mwisho, ningeanza hapo. Lakini nilianza na kitu cha bei kubwa, na wengi wetu hufanya hivyo hivyo, kwa sababu usukani ndio unaotikisika mikononi na macho huenda pale pale.

LAMI IMETUFICHULIA

Wazee wa barabara wanakumbuka safari ya Juba hadi Nimule kabla ya lami. Barabara ile ya kilomita 192 ilikamilika mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani. Kabla ya hapo mtu juu ya pikipiki alihesabu mashimo, na akifika mwendo wa 40 alijiona shujaa. Kila mtetemeko aliusingizia barabara. Pikipiki yenye rimu iliyopinda na beringi zilizokufa ilimfikisha mwenyewe nyumbani bila kujulikana.

Lami haina cha kusingizia. Gurudumu lenye kasoro ndogo katika mwendo wa 30 hunyamaza. Katika mwendo wa 70 husema. Tena wengi wetu tunaishi kwenye njia za ndani, Gudele, Munuki, Sherikat, ambako mvua ya Aprili hadi Oktoba huchimba mitaro na kuacha mawe. Gurudumu hupigwa shimoni asubuhi mtaani kwetu, halafu mchana kwenye lami ndipo pigo lile linadai malipo yake. Kwa sababu hiyo nasema pikipiki kuukuu ikaguliwe mtaani, imesimama, mapema.

PIKIPIKI INALALAMIKA VIPI?

Kabla ya kushika spana, tazama pikipiki inalalamika vipi, maana malalamiko hayafanani. Usukani unaotikisika katika mwendo fulani tu, halafu ukatulia, mara nyingi ni kitu kinachozunguka ambacho hakizunguki sawa: tairi lililokaa kombo, rimu iliyopinda, tairi lililoliwa vibaya. Nyuma inayopepesuka kama mkia wa samaki, hasa ukiwa umepakia, ni upepo mdogo wa tairi la nyuma, au bushi za uma wa nyuma zimekwisha, au mzigo umekaa vibaya. Pikipiki inayovuta upande mmoja daima, ujue magurudumu mawili hayafuatani. Ikiwa usukani unakataa kunyooka vizuri, unataka kubaki katikati kama umeingia kwenye kitundu, hapo sasa ndipo gololi za usukani zina kesi ya kujibu. Na ile inayodunda kama farasi hata kwenye lami safi, tazama umbo la tairi na la rimu kabla hujazilaumu shokamzoba.

Jiulize pia: ilianza lini? Baada ya kitu gani kufunguliwa? Fundi mzuri huuliza hivyo. Asiyeuliza, mwangalie kwa jicho la pili.

UPEPO

Upepo ndio dawa ya kwanza, nao ni wa bei ya chini kuliko vyote. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 tunazotumia hutaka upepo wa kiasi cha 25 mbele na 28 nyuma kwa mtu mmoja, na nyuma ipande hadi 32 ukibeba abiria. Vipimo hivyo ni vile vya paundi vinavyosomwa kwenye geji. Aina nyingine hutofautiana kidogo. Tazama karatasi iliyobandikwa kwenye kifuniko cha cheni au kwenye uma wa nyuma, kama jua halijaifuta.

Pima tairi likiwa baridi, yaani kabla ya safari. Juba mwezi wa Machi jua linachoma, na tairi lililotoka barabarani saa nane mchana litakudanganya kwa paundi kadhaa. Watu hupima, wakaona upepo umezidi, wakautoa. Usiku tairi linapoa na asubuhi wanakwenda kazini wakiwa na upepo mdogo. Vile vile acha kupima kwa kidole gumba. Tairi la pikipiki ni gumu pembeni hata likiwa na upepo nusu. Nimepima pikipiki za wenzetu baada ya mkutano, wenyewe wakiapa kwamba ziko sawa, na tairi la nyuma likatoa 15.

Ukimaliza kupima, tazama vali. Vali inapaswa kusimama wima kutoka kwenye rimu. Ikiwa imelala upande, tairi limeteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu pamoja nalo. Siku moja mzizi wa vali utakatika na upepo wote utatoka mara moja. Hiyo si kama msumari unaokupa nafasi ya kusimama. Tena kifuniko kidogo cha vali si pambo, kinazuia vumbi.

TAIRI LENYEWE

Pikipiki nyingi za kazi zina tairi la mbele la 2.75-17 na la nyuma la 3.00-17. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni ukubwa wa rimu. Zile za juu za porini huwa na 21 mbele na 18 nyuma. Usikubali tairi la nyuma nene kuliko linalotakiwa ati lionekane na nguvu. Litasugua cheni au uma, na pikipiki itakuwa nzito kukata kona. Tazama mshale ubavuni: unaonyesha tairi lizunguke kwenda wapi.

Kisha tafuta namba nne zilizo ndani ya kiduara kirefu ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba hizi ni muhimu kwetu kuliko kwa watu wa nchi za baridi. Tairi letu linasafiri baharini hadi Mombasa, linapanda lori, linapita Nimule, halafu linatundikwa nje ya duka juani miezi na miezi. Linaitwa jipya kwa sababu halijatumika, lakini mpira wake umeanza kuzeeka. Likunje kwa mikono ubavuni. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu, mrudishie mwenye duka.

Nyongeza kidogo, maana sisi ni chama. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama mjini Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Ni jambo jema la baba. Lakini dunia ilipoanza kutaka mpira mwingi, majirani zetu wa Kongo ndio walioulipia kwa damu chini ya mfalme Leopold, hadi alipoondolewa nchi hiyo mwaka 1908. Na karibu nasi zaidi, wenzetu wa Nairobi waliokuwa wakitengeneza tairi katika kiwanda cha Sameer Africa walipoteza kazi mwaka 2016 kiwanda kilipoacha kutengeneza. Kila tairi lina wafanyakazi nyuma yake. Basi turudi kwenye gurudumu.

Tairi la nyuma la mtu anayekwenda njia iliyonyooka kila siku huliwa katikati, likawa bapa kama ubao. Ukifika kona pikipiki hukataa kuinama, halafu inainama ghafula ikipita ukingo wa ule ubapa. Mwenyewe husema "barabara inateleza." Barabara haina kosa. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Mifereji ikiliwa hadi ikawa sawa na vinundu hivyo, tairi limekwisha hata kama bado ni jeusi. Wako pia watu wanaochonga mifereji mipya kwa kisu cha moto kwenye tairi lililokwisha. Wanachonga ule mpira mwembamba uliobaki juu ya nyuzi. Tairi la namna hiyo ni kama shati lililotobolewa matundu ya hewa baada ya kuchanika, na mtu anakwenda nalo kwenye lami akiwa na mke nyuma.

RIMU, SPOKU NA BERINGI

Isimamishe pikipiki kwenye stendi kubwa. Ukitaka gurudumu la mbele liwe juu, weka kreti ya soda chini ya injini. Funga kijiti au waya kwenye foku ili ncha ikaribie rimu, kisha lizungushe gurudumu pole pole. Rimu ikisogea na kuondoka kwenye ncha, imepinda pembeni. Ikipanda na kushuka, imebonyea. Milimita 2 ndizo mwisho wa kuvumilia. Kama huna kipimo, tumia unene wa sarafu moja: pengo likizidi hapo, kuna kazi.

Rimu ya spoku hutengenezeka. Gonga kila spoku kwa spana ndogo uisikilize. Iliyokaza hulia, iliyolegea husema tu! kama kuni. Kaza iliyolegea kwa nusu mzunguko, usizidishe, ukatazame upya, maana ukikaza moja unavuta rimu kuelekea upande wake na huenda ukapaswa kulegeza ya upande wa pili. Ni kazi ya subira. Usiifanye ukiwa na njaa. Ukimaliza, toa tairi usugue kwa tupa ncha za spoku zilizotokeza ndani ya rimu na urudishe ukanda wa mpira unaozifunika, la sivyo utaziba pancha kila wiki ukiwalaumu watu wenye misumari.

Rimu za kumwagwa, zile zisizo na spoku, zina tabia nyingine. Zikibonyea kidogo watu huzigonga kwa nyundo. Chuma hicho hakipendi nyundo, hupata ufa. Zifute vumbi, ukatazame penye mikono inapokutana na duara. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, hapo hakuna ufundi tena.

Sasa shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, beringi zimekwisha. Likizungushwa likanguruma kama kinu cha kusaga, ni zile zile. Na hapa nawaonya juu ya kosa moja la mafundi wa haraka. Kati ya beringi mbili za gurudumu kuna kibomba cha chuma kinachozitenganisha. Fundi akibadilisha beringi akakisahau, au akaweka kifupi, ukikaza nati ya ekseli beringi zinabanwa. Gurudumu linakuwa zito, kitovu kinapata moto, na beringi mpya zinakufa baada ya siku chache. Wewe unadhani umeuziwa mbovu, kumbe kile kibomba kiko sakafuni mwa gereji. Baada ya kazi hiyo zungusha gurudumu kwa kidole. Lizunguke lenyewe, lisimame bila haraka.

USUKANI NA NYUMA

Usukani nimeuweka hapa mwisho kwa makusudi. Gurudumu la mbele likiwa juu, uachie usukani uanguke wenyewe kulia, halafu kushoto. Uanguke kwa ulaini. Ukisita katikati, gololi zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake, na kubadilisha gololi peke yake bila vikombe ni kutupa fedha. Shika miguu ya foku chini, vuta mbele na nyuma. Ikigonga, nati ya juu imelegea, na huenda kuikaza kidogo kukatosha. Usiikaze hadi usukani uwe mzito, pikipiki itaanza kutangatanga kama mlevi. Ukifungua, hesabu gololi za juu na za chini, uziandike kwenye karatasi, maana idadi zake zaweza kutofautiana na watoto huzipenda kuchezea.

Nyuma, sukuma gurudumu kwenda pembeni huku jicho liko kwenye uma. Likicheza gurudumu pekee, ni beringi. Ukicheza uma mzima, ni bushi. Bushi ni kitu kidogo, na ndizo zinazofanya nyuma ipepesuke ukiwa na mzigo.

Kuhusu magurudumu kutofuatana: usiamini alama zilizochorwa kwenye uma, hasa kama pikipiki imewahi kuanguka. Chukua uzi mrefu. Mwenzako aishike pikipiki wima, usukani umenyooka. Zungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, chini chini kiasi cha kiganja kutoka ardhini, uvute ncha zote mbili hadi mbele ya tairi la mbele, kila upande. Uzi uguse ukingo wa mbele wa tairi la nyuma pande zote mbili bila kuvunjika. Tairi la mbele ni jembamba zaidi, kwa hiyo patakuwa na pengo kushoto na pengo kulia. Mapengo hayo yawe sawa. Yasipokuwa sawa, legeza nati ya ekseli ya nyuma, urekebishe skrubu za kukaza cheni, upande mmoja kwanza, hadi yalingane. Cheni ibaki na kulegea kwa sentimita 2 hadi 3 katikati. Kazi hii yote haihitaji zaidi ya uzi, spana na mtu wa kukushikia.

MZIGO

Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa wake, kuna namba na herufi, mathalan 50P. Hiyo 50 ni namba ya siri ya uzito, na maana yake ni kilo 190. Ikiwa 47 ni kilo 175, ikiwa 41 ni kilo 145.

Sasa tufanye hesabu ya shule ya msingi. Pikipiki ina kilo 120 hivi. Dereva na abiria wawili, kila mmoja kilo 70, ni 210. Jumla 330. Sehemu mbili katika tatu za uzito huo zinakaa nyuma, yaani kilo 220. Tairi zuri kabisa la 50P limeshazidiwa kwa kilo 30 kabla ya kukutana na shimo la kwanza. Magunia mawili ya mkaa juu ya keria nyuma ya ekseli ni mabaya zaidi, kwa sababu yanalinyanyua gurudumu la mbele, na gurudumu jepesi ndilo linalotikisika. Ukilazimika kubeba, mzigo uje mbele na ukae chini.

Na ikikutokea barabarani? Usikamate breki kwa nguvu. Usipigane na usukani. Ushike imara bila kukakamaa, rudisha mafuta taratibu, inama mbele kidogo, acha mwendo ufe wenyewe. Tairi la mbele likipasuka, tumia breki ya nyuma. La nyuma likipasuka, tumia ya mbele kwa upole. Breki iende kwenye gurudumu zima.

TAIRI NI LA NANI?

Yote hayo mfanyakazi anaweza kuyafanya. Kuna moja haliwezi peke yake, nalo ni kulipa tairi la pikipiki isiyo yake.

Tulikuwa na kijana wa kiwanda kimoja cha maji ya chupa. Jioni, baada ya zamu, aliendesha boda kwa pikipiki ya tajiri mmoja ili aongeze mshahara. Tairi la nyuma lilionyesha nyuzi. Alimwambia mwenye pikipiki mara mbili. Akajibiwa, "Ukitaka tairi nunua. Mimi nataka hesabu yangu jioni." Akaendelea, maana kodi ya nyumba nayo ilitaka hesabu yake. Tairi lilipasuka kwenye lami akiwa na abiria. Abiria alichubuka. Kijana alivunjika mfupa wa paja. Kesho yake tajiri alikuja kuchukua pikipiki, na akataka alipwe taa iliyovunjika.

Tulikwenda kiwandani, wakatuambia ajali haikutokea saa za kazi, na hilo ni kweli. Tulikwenda kwa tajiri, hapakuwa na karatasi yoyote kati yao. Wanachama walichanga. Kijana anatembea, lakini mguu mmoja umekuwa mfupi, na kazi ya kubeba kreti haiwezi tena.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu juu ya tairi. Katika majadiliano na mwajiri mmoja ambaye wasimamizi wake wa shambani hutumia pikipiki za kampuni, tuliomba kifungu cha maneno machache: tairi likifika kwenye vinundu, au likiwa na nyufa, mwajiri analinunua, na mfanyakazi anayekataa kupanda pikipiki yenye tairi hilo hakatwi mshahara. Walicheka kidogo. Walisema chama sasa kinataka kujadili pancha. Tukawaonyesha Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ambao kifungu chake cha 13 kinataka mfanyakazi alindwe anapojiondoa mahali ambapo ana sababu ya kuamini pana hatari kubwa iliyo karibu. Tukawaambia Sudan Kusini ni mwanachama wa Shirika hilo tangu 2012, na kwamba mwaka 2022 mkutano wake mkuu uliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi. Meneja akasema mikataba ya Geneva haijui barabara zetu. Mwenzetu mmoja, msimamizi wa shambani, akainuka, akatoka nje, akarudi amebeba tairi alilolivua kwenye pikipiki yake asubuhi ile, akaliweka mezani juu ya karatasi. Nyuzi zilionekana. Kifungu kikaandikwa.

Kwa ndugu zetu wa boda wasio na mwajiri wa namna hiyo, jambo ni gumu zaidi. Hata hivyo andikeni karatasi na mwenye pikipiki kabla ya kupokea ufunguo, hata ya daftari la mtoto: tairi, beringi na breki ni za nani, na siku ya pikipiki kulala gereji hesabu inadaiwa au haidaiwi. Wawepo mashahidi wawili. Mkiona aibu kuomba hivyo, njooni pamoja watatu au wanne. Tajiri mwenye pikipiki kumi hapendi kuona nne zimesimama.

Ofisini kwetu tumenunua geji ya upepo na pampu ya mguu. Pampu mnaweza kuazima. Geji imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya mlango, kwa sababu ya kwanza ilipotea. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, nitakuwepo na kreti ya soda na uzi.